Kiraka si Aibu: Tuwaachie Watoto Sindano na Rangi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Jambo ninalokusudia kulijadili leo huenda likaonekana dogo machoni pa wengi. Jambo la ukumbini kwa akina mama, wala si la kurasa za gazeti. Nalo ni vipande vya nguo kuukuu, rangi ya manjano ya jikoni, na sindano mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Hata hivyo, mimi niliyezoea kufundisha isimu katika chuo kikuu nimeona kwamba ndani ya jambo hilo dogo mmejificha swali kubwa kuhusu elimu yetu, na namwomba msomaji anivumilie nilieleze.

Likizo ya Agosti nilikuwa nyumbani kwetu Malindi, mtaa wa Shela. Ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, na kaka yangu ambaye ni mvuvi alikuwa akishinda barazani akitengeneza nyavu, kwa kuwa vyombo havikuweza kwenda mbali. Binti yake, aliye katika gredi ya tano, alikuwa amepewa kazi ya mikono shuleni: ashone kijishuka cha vipande vya nguo. Maagizo yalikuwa wazi kabisa. Kitambaa kiwe kipya, cha rangi mbili. Vipande viwe kumi na viwili, vyote mraba, vyote sawa. Na kazi nzima ifanane na picha iliyochorwa ubaoni.

Kwa nyumba ambayo chombo hakijashuka baharini kwa majuma mawili, kununua kitambaa kipya si jambo la mchezo. Mtoto akafanya alivyoweza. Alifungua sanduku la bibi yake, akatoa leso zilizochakaa, kipande cha kikoi, kipande cha shiti, na bafta nyeupe iliyosalia katika mshono wa zamani. Ile bafta akaipaka rangi mwenyewe: manjano aliyoikoroga kikombeni, hina iliyobaki harusini, na masizi ya sufuria. Alipokuwa akichora, tone la povu la sabuni likaangukia pale penye manjano, na papo hapo pakageuka pekundu. Hakulia. Akaenda kuchukua sabuni zaidi, akadondoa moja moja kwa ncha ya kijiti, hata bafta ikajaa maua mekundu ambayo hakuwa ameyapanga.

Kisha akaketi kushona. Hakupima kwa rula. Kipande kilichokuwa kifupi alikiongezea pembe tatu. Kilichokuwa kirefu alikikunja. Leso mbili miongoni mwa zile zilizochakaa zilikuwa zimebaki na nusu nusu ya maneno yake. Moja ilibaki na neno SUBIRA, nyingine ikabaki na NI BAHARI. Akaziunganisha. Ikasomeka SUBIRA NI BAHARI, na sidhani kama kuna duka lolote la Biashara Street kule Mombasa liliwahi kuuza leso yenye jina hilo. Baba yake alipoisoma, akatazama ufuoni, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Shule zilipofunguliwa, kazi ilipelekwa. Ikarudi na maneno matatu ya wino mwekundu: "Hukufuata mfano huu." Mtoto akatiwa katika daraja la chini kabisa, lile la walio mbali na matarajio. Nilipompigia simu kumwuliza habari za mfarishi wake, alinijibu kwa sauti ya chini: "Shangazi, kumbe ni viraka tu."

Simtaji mwalimu wala shule, na wala simlaumu mwalimu huyo peke yake. Najua darasa lilivyojaa. Najua kwamba anatakiwa atie alama, aziweke katika rekodi, ajaze fomu, na kwamba vipande kumi na viwili vilivyo sawa ni rahisi kuvihesabu kuliko maua yaliyozaliwa na povu la sabuni. Swali langu ni moja. Matarajio aliyo mbali nayo mtoto huyu ni matarajio ya nani?

Mwenye taaluma ya lugha hawezi kulisikia neno kiraka likitamkwa kwa aibu namna hiyo asishtuke. Katika matumizi yetu ya kila siku neno hili limebeba mzigo mzito. Barabara ya viraka ni barabara mbovu. Hoja ya viraka ni hoja isiyo na mashiko. Mtoto mwenye kiraka katika sare ya shule huchekwa na wenziwe, na wengi wetu tuliosoma miaka ya themanini na tisini tunayakumbuka maumivu hayo vizuri. Kwa hivyo kiraka kimekuwa alama ya ufukara, na ufukara katika jamii yetu umefanywa kuwa kosa. Lakini Kiswahili kina neno jingine pia, ambalo vijana wengi siku hizi hawalijui: mfarishi. Mfarishi ni tandiko la nguo lililoshonwa, la kulalia au la kukalia. Neno lina heshima yake, na ndani ya mfarishi kiraka hakifichi tundu; ndicho kinachoifanya nguo yenyewe. Mtoto aliyekosa neno la kuitia kazi yake aliazima neno la kuidharau.

Na tukiitazama historia ya mavazi yetu, tutaona kwamba tunawafunza watoto kuionea haya mbinu ile ile iliyotuletea vazi tunalojivunia kuliko yote. Husimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa mwambao, wa Unguja na Mombasa wakitajwa zaidi, walichoka kununua leso moja moja, yaani vile vitambaa vya mkononi vya mraba vilivyokuwa vikiuzwa madukani kutoka kwenye gora. Wakawa wanakatiwa vipande sita, wanavigawa vitatu vitatu, kisha wanavishona ubavu kwa ubavu hata wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Nguo hiyo ikaitwa leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona mambo hayo, wakaanza kuagiza nguo pana iliyokwisha kupigwa chapa, yenye pindo pande zote na mji katikati. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Mali ya Abdulla, ilianzishwa Mombasa mwaka 1887, nayo ndiyo inayotajwa kuwa ilianza kutia maneno ya Kiswahili kwenye vazi hilo. Hadi leo sisi wa Malindi na Mombasa twaliita leso, ingawa wengine huliita kanga. Kwa hivyo msomaji aone mpango wa mambo ulivyokuwa: mwanamke na sindano yake walitangulia, kiwanda kikafuata.

Aidha, jambo hili ni la kale kuliko leso. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja Waislamu wa Sofala, kusini mwa pwani hii yetu, waliokuwa wakifuma nguo za pamba nyeupe lakini hawakuwa na njia ya kutia uzi rangi. Walichokifanya ni kuchukua nguo za rangi zilizotoka Cambay, kule India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule wa rangi pamoja na uzi wao mweupe. Fikirini jambo hilo, enyi walimu. Mtu anaifumua nguo nzima iliyovuka bahari ili apate rangi anayoihitaji, na hangoji kuletewa mfano.

Bara kidogo, katika vijiji vya Ganze anakotoka bibi yangu mzaa baba, wanawake wa Kigiriama walivaa hando, sketi fupi ya marinda mengi iliyotuna kiunoni. Bafta hiyo hiyo iliyoletwa na meli, na merikani iliyopewa jina la nchi ilikotoka, zilipofika mikononi mwao zilibadilika zikawa kitu ambacho mfumaji wa ng'ambo asingelikitambua. Hata vigango, zile nguzo za kuchonga wanazosimamishiwa wazee wa Kigiriama waliofariki, huvishwa vipande vya nguo. Kipande cha nguo, kwa watu wetu, hakikuwa takataka. Kilitosha kumheshimu marehemu.

Na tukirudi katika uwanja wangu wa lugha, ushahidi unazidi kuwa mwingi. Mwambieni mwanafunzi ataje vifaa vya mshonaji yeyote aliyeketi barazani katika mji wa kale wa Malindi, kisha mfuatilieni asili ya kila neno. Uzi, sindano, pindo na kushona ni vya Kibantu. Mkasi umetoka katika Kiarabu. Pamba na bafta asili yake ni Kiajemi. Cherehani limejengwa juu ya neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, na doti limetoka India. Leso ni neno la Kireno, na merikani linajieleza lenyewe. Fundi yule akisema sentensi moja tu kuhusu kazi yake, ameunganisha vipande vya bahari nzima, na mshono hauonekani. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili ni lugha ya viraka, kwa maana ile ya dharau. Kila neno limepewa ngeli, limepewa upatanisho, likakaa. Lugha haikungoja mtu aichoree mfano ubaoni.

Kuna watakaosema kwamba mwandishi huyu anatetea uzembe, eti kila mtoto ashone apendavyo, apake apendavyo, na mwalimu apige makofi tu. Hoja hii ina uzito, na sitaikwepa. Mimi hufundisha sarufi. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema kanuni hazina maana. Lakini kanuni na mfano ni vitu viwili mbalimbali. Kanuni hukuambia kwamba sindano lazima ipite katika tabaka zote za nguo, la sivyo mfarishi utafumuka siku ya kwanza ya kufuliwa. Mfano hukuambia kwamba ua liwe jekundu kwa sababu ua la ubaoni lilikuwa jekundu. Anayefuata kanuni anajifunza ufundi. Anayefuata mfano peke yake anajifunza kunakili, na akishamaliza shule hana kwa kuunakili.

Watu wa mwambao waliielewa tofauti hii tangu zamani, na ushahidi umo katika ushairi. Iko bahari ya utungo iitwayo takhmisa. Mtunzi huchukua beti za mwenziwe, pengine aliyekufa karne nyingi kabla yake, na kila penye mishororo miwili yeye huongeza mitatu yake hata ikawa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayejulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, anatajwa kuwa ndiye aliyeutilia takhmisa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Hiyo ni kazi ya mshonaji. Ana kipande kikuukuu mkononi, ana kipande kipya, na mishororo yake mipya lazima ioane na ile ya kale kwa vina na mizani. Ukali wa kanuni ndio uliompa nafasi ya kucheza. Kadhalika watunzi wetu wa papo kwa papo, wanaojibizana harusini na kwenye ngoma: hakuna aliyewaandikia cha kusema, na bado kina hakipotei.

Tukiitupa macho dunia pana, tutawaona jamaa zetu wa mbali wakifanya jambo hili hili. Katika jimbo la Karnataka, kusini magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, baadhi yao wakiwa watumwa waliopitishia Goa mikononi mwa Wareno. Wanawake wa Kisiddi hushona mifarishi iitwayo kawandi. Huchukua nguo zilizochakaa za jamaa zao, wakaanzia pembeni, wakaushona ukingo wote, kisha wakazunguka wakielekea ndani kipande baada ya kipande hadi mishono ikutane katikati. Hakuna mchoro wa kufuata. Kila kipande huchaguliwa papo hapo kwa kukitazama kilichotangulia. Lakini ipo kanuni isiyovunjwa: pembe nne za kawandi lazima zimalizwe kwa vipande viitwavyo phula, yaani maua, na mfarishi usio na maua hayo huonekana uko uchi. Huo ndio uhuru wenye adabu. Mwaka 2011 mifarishi hiyo ilionyeshwa New York, na watu waliolipia nauli wakaenda kuistaajabia.

Na huko huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kipo kijiji kilichozungukwa na mto ambacho huitwa Gee's Bend. Wakazi wake ni wazao wa watumwa waliolimishwa pamba. Kwa vizazi kadhaa wanawake wa pale walishona mifarishi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani na mashati yaliyopaushwa na jua, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na baridi na hawakuwa na fedha. Hawakufuata vielelezo vya vitabuni. Mistari yao huyumba, miraba yao haiko sawa. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, na baadaye katika Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu. Nawauliza wasomaji: lau mabinti wa Gee's Bend wangelisomea katika shule ya mpwa wangu, wangelitiwa daraja gani?

Sisemi kwamba kila kijishuka cha mtoto wa Shela au wa Garashi kitatundikwa katika makumbusho. Wala hiyo si haja yangu. Haja yangu ni kile kinachotendeka kichwani mwa mtoto wakati sindano i mkononi. Mtoto anayeunganisha vipande visivyolingana hukabiliana na tatizo jipya kila baada ya dakika mbili, na kila tatizo lazima alitatue kwa alicho nacho. Kipande hiki hakifiki, niongeze nini? Rangi hii inaimeza ile, niisogeze wapi? Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule zote mwaka 2019 kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, unataja umilisi wa kimsingi ambao kila mtoto anapaswa kuukuza. Miongoni mwake umo ubunifu, na umo uwezo wa kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Maneno hayo yamo katika stakabadhi za serikali. Mtoto yule aliyatekeleza yote jioni moja, akiwa ameketi juu ya mkeka, akaambiwa yu mbali na matarajio.

Zaidi ya hayo kuna suala la gharama. Wazazi wengi wamelalamika tangu mtaala huu uanze kwamba kila juma huagizwa vitu vya kununua, na malalamiko hayo yamekuwa makali zaidi katika kaunti kama Kilifi, ambako wengi hutegemea mvua isiyotabirika kule Ganze au bahari isiyotabirika huku Malindi. Ajabu ni kwamba somo la vipande vya nguo ndilo ambalo lingefaa lisigharimu chochote. Sanduku la bibi lipo katika kila nyumba. Kila fundi cherehani ana mfuko wa mabaki anayoyatupa. Kumwagiza mzazi anunue kitambaa kipya ili mwanawe akikate vipande ni sawa na kumwagiza anunue sahani ili aivunje ajifunze kuunga vigae.

Basi tufanye nini? Ninayo mapendekezo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote.

Kwanza, vifaa vitoke nyumbani. Mwalimu aagize vipande kuukuu, wala asikubali vipya. Hapo mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi wataanzia mstari mmoja, na huenda mtoto wa mvuvi akawa mbele, kwa kuwa nguo za kwao zimeishi zaidi.

Pili, alama zitolewe kwa maswali mengine. Je, mshono unashika? Mfarishi ukifuliwa unabaki mzima? Mtoto anaweza kueleza kwa nini aliweka kipande hiki kando ya kile? Maswali haya yanapimika, na ni magumu kuliko kuhesabu miraba.

Tatu, walimu wa masomo mengine wasikae kando. Yale maua mekundu ya mpwa wangu ni somo zima la sayansi. Manjano hugeuka nyekundu inapokutana na sabuni au magadi, na hurudia unjano wake inapotiwa ndimu. Ndiyo maana inaweza kutumika darasani kuonyesha tofauti ya asidi na alikali bila kununua chupa hata moja ya maabara. Mwalimu wa Kiswahili naye apewe zamu. Vipande vya majina ya leso vilivyokatika nusu ni chemshabongo ya sintaksia: waachieni wanafunzi waviunge, kisha wajadili ni sentensi zipi zimesimama na ni zipi zimeanguka, na kwa nini. Katika mihadhara mingi niliyowahi kutoa kuhusu kiima na kiarifa, sikumbuki mfano uliokuwa bora kuliko SUBIRA NI BAHARI.

Nne, wenye ufundi waitwe darasani. Wanawake wanaowachora maharusi hina na piko katika miji yetu hawatumii karatasi ya mfano. Hutazama mkono wa bibi harusi, wakaanza, na ua hufuata umbo la kidole. Mkono huo huo ukipewa bafta utafundisha uchoraji kuliko kitabu. Mafundi cherehani na bibi zetu nao waitwe, na wakija, wanafunzi wawe na daftari mkononi. Msamiati wa kushona na wa nguo unapotea kila mzee mmoja anapofariki. Vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko mjini Kilifi, vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Mada hii iko mlangoni mwao, na haihitaji nauli ya ndege.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe sina usafi wa kumnyoshea mtu kidole. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi wangu kwa wino ule ule mwekundu. Mwanafunzi alipochanganya methali ya Kigiriama na nahau ya Kimvita katika aya moja, nilimwandikia pambizoni kwamba hakufuata mtindo. Pengine mtindo haukuwa umekosekana. Pengine mshono ulikuwa unashika, nami sikuuvuta nikaujaribu. Tangu likizo ile ninazisoma insha polepole zaidi, na nimeanza kuwauliza wanafunzi kwa nini wameweka kipande hiki hapa kabla sijakitia mstari.

Mfarishi wa mpwa wangu ulikuwa umesukumwa chini ya kitanda. Nilipofika tena Malindi niliutoa, nikaukung'uta, nikamwambia mwenyewe jina lake kwa Kiswahili. Akalirudia mara mbili: mfarishi. Siku hizi ndugu yake mchanga hulazwa juu yake ukumbini. Umefuliwa mara nyingi. Manjano imechujuka kama inavyochujuka manjano juani, na yale maua hayaonekani tena ila kwa kuyatafuta. Lakini hakuna mshono hata mmoja ulioachia.

Walimu wenzangu, mtoto mwingine ataleta kazi yake mezani kwenu juma hili, imepinda, ina rangi ambazo kitabu hakikuzitaja. Kabla ya kuuchukua ule wino mwekundu, ivuteni kidogo muone kama inashika, kisha mwulizeni aliifanyaje. Ninaamini mtakuwa na mengi ya kusikia.